Rabai: Kijiji cha Wamisionari na Suala la Watoro wa Mombasa

  

Msafiri atokaye Mombasa kwa barabara ya Nairobi, akifika Mazeras akaiacha barabara kuu na kupanda vilima, hachukui muda ila atajikuta Rabai. Ni mahali padogo. Pana minazi, skuli, kanisa kubwa lililojengwa miaka ya 1880, na jengo la zamani zaidi ambalo lilikuwa kanisa la mwanzo na tangu miaka ya 1990 limefanywa makumbusho. Karibu na hapo ipo kaya ya Warabai, ambayo pamoja na makaya mengine ya Mijikenda iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya turathi za dunia. Wageni hupelekwa kuonyeshwa jengo la wamisionari, wakaelezwa habari za Krapf na Rebmann na milima yenye theluji, kisha wakarudi zao.

Sisi tunataka kuieleza habari ya Rabai kwa upande mwingine. Waislamu wengi wa pwani tunaijua Rabai kwa neno moja tu, "misheni", na tukishalisema tunahisi tumemaliza. Tunasema walikuja na fedha, wakawanunua watu. Lakini mwenye kufuatilia tarehe ya kijiji hiki atakuta kwamba kwa karibu miaka thelathini ya mwanzo fedha hizo na mahubiri hayo hayakuzaa kitu cha kutajika. Kijiji kilijaa baadaye, na waliokijaza walitoka katika mashamba na majumba ya Waislamu, wakikimbia usiku kwa miguu yao wenyewe. Hiyo ndiyo habari inayotuhusu, na inatuhusu kwa fiqhi kabla ya kutuhusu kwa siasa.

Mwanzo wa kijiji

Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na jumuiya ya kimisionari ya Kanisa la Uingereza, CMS. Alikuwa ameshindwa kuendelea na kazi yake Uhabeshi, akafika Unguja mwanzoni mwa mwaka 1844 na kuonana na Sayyid Said bin Sultan. Sayyid alimpa barua ya kuwajulisha magavana na raia zake kwamba huyu ni mtu mwema anayetaka kuwaelekeza watu kwa Mungu, basi asaidiwe kila aendako. Wapo wanaostaajabu kusikia hivyo. Anayejua mlango wa amani katika vitabu vya fiqhi hastaajabu. Asiyekuwa Muislamu akiingia katika nchi ya Waislamu kwa idhini, damu yake na mali yake vimehifadhika, na Sayyid alimpa Krapf alichowapa wafanyabiashara wa Kimarekani kabla yake.

Krapf alihamia Mombasa mwezi wa Mei mwaka huo huo. Mwezi wa Julai mkewe Rosine akafariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akafuatia. Kaburi la Rosine lipo hadi leo upande wa Nyali. Wenyeji hawakumfukuza wala hawakumbughudhi mtu huyu mfiwa. Zaidi ya hayo, Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin, alikaa naye akamsaidia kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Tunalitaja jambo hili kwa sababu baadhi yetu huona haya kulitaja. Mashekhe wa Mombasa ya wakati ule hawakuwa na hofu ya kukaa na mgeni na kuzungumza naye juu ya vitabu. Krapf alikusanya pia miswada ya tendi za Waislamu, ikiwamo Chuo cha Herekali, akaipeleka Halle, Ujerumani, mwaka 1854. Kazi ya mashairi ya babu zetu imehifadhika huko mpaka leo kwa mkono wa mmisionari.

Krapf hakuwa na tamaa kubwa ya kuwapata Waislamu wa mji. Aliitafuta nchi iliyo juu, yenye hewa, isiyokuwa chini ya mkono wa liwali moja kwa moja, na yenye watu wasiokuwa Waislamu. Akaipata Rabai Mpya. Wakati ule watu wa mji waliwaita Mijikenda wote "Wanyika", neno lenye dharau ndani yake, na Warabai walikuwa na uhusiano wa karibu wa biashara na Waswahili wa Jomvu, kijiji kilicho njiani. Kutoka mjini mtu alikwenda kwa chombo kwa mkono wa bahari, kisha akapanda kwa miguu. Mwezi wa Juni 1846 Krapf alipata mwenzake, Johannes Rebmann, na mwishoni mwa Agosti, kwa ruhusa ya wazee wa kaya, wakahamia Rabai. Wote wawili walikuwa na homa. Krapf alipanda kilima juu ya punda kwa kushindwa kwenda. Kwa hesabu ya kalenda yetu ulikuwa mwezi wa Ramadhani, mwaka 1262 Hijria.

Yaliyofuata kwa upande wa jiografia yanajulikana. Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848, Krapf akauona Mlima Kenya mwaka 1849, na wataalamu wa Ulaya wakawacheka kwa kusema kuna theluji karibu na Ikweta. Kwa upande wa dini, palikuwa kukavu. Wazee wa kaya waliwasikiliza, wakawauliza watawapa nini, wakarudi kwenye mambo yao. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa kiwete aitwaye Mringe, naye alibatizwa akiwa katika kufa. Krapf aliondoka kwa ugonjwa mwaka 1853. Rebmann akabaki. Alizika mke, alikimbilia Unguja kwa muda baada ya uvamizi wa Wamasai mwaka 1857, akarudi tena Kisulutini palipokuwa na nyumba ya misheni, akaandika makamusi, na macho yakapofuka. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu na wafuasi wake walikuwa wachache mno kwa kazi ya miaka ishirini na tisa. Mwaka uliofuata akafa kwao.

Katika makamusi hayo ya Rebmann mna moja ambalo halina budi kumsimamisha msomaji wa Kiislamu. Ni kamusi la lugha ya watu wa Nyasa, lililochapishwa mwaka 1877. Rebmann hakufika Nyasa hata siku moja. Lugha ile aliipata kwa Salimini, mtumwa aliyeletwa pwani kutoka huko. Jina lake alipewa pwani, na lugha yake ya utotoni ilibaki kifuani mwake hadi alipoketishwa na mgeni akaulizwa neno moja baada ya jingine. Tumejiuliza ni nani katika mji aliyewahi kumuuliza Salimini alitoka wapi, na alikuwa mtoto wa nani.

Watoro

Sasa tuje kwenye mashamba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1860 Malindi ilifufuliwa kwa kilimo cha mtama na ufuta. Takaungu na bara ya Mombasa nako mashamba yalipanuka. Kazi ilikuwa ya watumwa. Tarehe 5 Juni 1873, mwaka 1290 Hijria, Sayyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao. Misafara ya nchi kavu iliendelea kwa muda kuleta watu kutoka kusini, hata mwaka 1876 Sayyid akatoa amri ya kuizuia nayo.

Mkataba huo ulihitaji mahali pa kuwaweka watu waliokamatwa katika majahazi. Mwaka 1875 CMS ikaanzisha Freretown, bara ya Mombasa, kwa ajili hiyo, na Rabai ikafufuliwa pamoja nayo. Walioifufua kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika waliokuwa wametekwa utotoni, wakakombolewa baharini, wakapelekwa Bombay na kusomeshwa Nasik huko India. Watu waliwaita "Wabombei". Mmoja wao, William Jones, alifika kwa Rebmann tangu miaka ya 1860 na baadaye akawa ndiye mhimili wa Rabai.

Habari ikaenea mashambani kwamba huko juu wako watu weusi waliokuwa watumwa, na sasa wana nyumba na mashamba yao. Hapo ndipo watoro walipoanza kuja. Walikuja kutoka Mombasa, Takaungu na Malindi. Wengine walijenga vijiji vyao msituni, na cha Fuladoyo kilianzishwa chini ya Mgiriama Mkristo, David Koi, ambaye aliuawa mwaka 1883 kijiji kiliposhambuliwa. Wengi walikwenda Rabai.

Na hapa haki iseme. Wamisionari hawakuwaita watoro hawa. John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, aliwaonya mara kwa mara wasiwapokee, maana kuwaficha kulikuwa ni kuvunja ahadi kwa Sayyid na kuhatarisha usalama. Mwaka 1880 watu wa Mombasa walitishia kuzishambulia Freretown na Rabai kwa sababu ya watoro. Wapo wamisionari waliowarudisha watu kwa mabwana zao. Waliokataa kuwarudisha, mara nyingi, ni wale wenzao Waafrika wa Rabai, ambao walijua utumwa ni nini. Wala maisha ya misheni hayakuwa pepo. Palikuwa na kanuni za kazi, faini na viboko, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa Freretown aliondoka baada ya kulaumiwa kwa ukali wa adhabu zake. Mtu aliyekimbia kiboko cha shamba angeweza kukikuta kiboko cha misheni. Pamoja na hayo waliendelea kupanda kile kilima.

Miongoni mwao walikuwamo waliokwisha kutamka shahada. Mtumwa wa pwani alipewa jina, akatahiriwa, akafundishwa kusali japo kwa uchache. Mtu wa namna hii alipobatizwa Rabai, kwa lugha ya fiqhi ni jambo zito, na hatulipunguzi uzito. Lakini kabla ya kumhukumu yeye tunamtaka msomaji asogee nasi kidogo, atazame kilichomfukuza.

Vitabu vyetu vilisema nini?

Watu wa pwani hii ni Mashafi, na watawala wa wakati ule walikuwa Maibadhi. Wote hawakuhitilafiana kwamba mtu huru kumuuza ni haramu. Katika Sahih ya Imam Bukhari imo hadithi qudsi ambayo kila mwanafunzi anaijua, kwamba wako watu watatu ambao Allah (s.w.) mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Utumwa katika sheria ulikuwa na mlango mwembamba: mateka wa vita halali vilivyo chini ya imamu, au kuzaliwa na mama mjakazi. Kuviziwa mtoto akichota maji, au kuuzwa na jirani wakati wa njaa, si katika milango hiyo. Watu wengi walioletwa pwani kutoka Nyasa na Uyao waliingia kwa njia kama hizo.

Swali hili halikuwa geni kwa wanavyuoni. Huko Timbuktu, Sheikh Ahmad Baba (aliyefariki 1627) aliulizwa juu ya watu weusi waliokuwa wakiuzwa Tuwat, akaandika risala akibainisha kwamba haijuzu kummiliki anayejulikana kuwa ametoka katika nchi za Waislamu, na kwamba madai ya mtu juu ya asili yake yasipuuzwe. Alikuwa Mmaliki, na zama zake ni mbali na za Barghash, lakini suala ni lile lile.

Basi na tufungue kitabu chetu wenyewe, Minhaj at-Talibin cha Imam Nawawi, ambacho kilisomeshwa na kinasomeshwa katika pwani hii. Katika mlango wa madai anaeleza kwamba mtu akidai kuwa fulani aliyebaleghe ni mtumwa wake, na yule akasema mimi ni huru, neno ni la yule anayesema ni huru. Mdai ndiye atakiwaye kuleta ushahidi, kwani asili ya wanadamu ni uhuru. Ama mdogo, akiwa mkononi mwa mdai, na haijulikani kuwa mkono ule umetokana na kuokota, basi huhukumiwa kuwa ni wake. Na mtoto huyo akikanusha kabla ya kubaleghe, kukanusha kwake hakuzingatiwi.

Tunawaomba maimamu na wanafunzi waisome tena sehemu hiyo wakiwa na msafara wa Kilwa machoni mwao. Hukumu ya mkono imewekwa kwa ajili ya kuhifadhi miliki za watu zisivurugwe na kila mdai. Lakini wafanyabiashara walipendelea watoto, kwa kuwa ni rahisi kuwaongoza na hawana pa kukimbilia. Mtoto akifika sokoni yumo mkononi mwa mtu. Akisema "nimeibwa", neno lake halina uzito. Akishabaleghe amekwisha sahau jina la kijiji chao. Kwa njia hiyo hukumu sahihi ilifunika dhuluma, na aliyenunua mjini akalala usingizi akiamini miliki yake ni safi. Wala hatusemi kwamba kila bwana alijua. Tunasema palikuwa na sababu ya kuuliza, na waraa ni kuuliza penye shaka.

Ama waliokuwa watu wazima, hao kitabu kilikuwa upande wao. Mtoro aliyesimama Rabai na kusema "mimi ni huru kwa asili" alikuwa akisema neno ambalo Imam Nawawi angemtaka bwana wake alijibu kwa ushahidi, isipokuwa kama alikwisha kukiri utumwa huko nyuma. Mahali pake pa kulisema lilikuwa mbele ya kadhi wa Mombasa. Kwa nini alikwenda kulisema kwa mgeni mwenye msalaba? Jibu la bara bara ni kwamba hakutarajia kusikilizwa mjini.

Huenda msomaji akatukumbusha hadithi ya Jarir (r.a.) katika Sahih Muslim, kwamba mtumwa akitoroka haikubaliwi sala yake. Hadithi ni sahihi na hatuigusi. Lakini inamhusu mtumwa, yaani ambaye umiliki wake umethibiti kisheria. Hauwezi kuitanguliza mbele ya suala lenyewe linalogombewa, kisha ukaifanya ndiyo jawabu. Na katika Sahih hiyo hiyo imepokewa kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba mwenye kumpiga kofi mtumwa wake au kumchapa, kafara yake ni kumuacha huru. Aliyemsomea mtoro hadithi ya kwanza ilimpasa amsomee bwana hadithi ya pili.

Mkataba wa ukombozi na fungu la zaka

Liko jambo jingine, na kwetu sisi ndilo zito zaidi. Sheria haikumuacha hata yule mtumwa ambaye utumwa wake haukuwa na shaka. Katika Sura An-Nur, aya ya 33, Allah (s.w.) amewaamrisha mabwana wawaandikie mkataba watumwa wanaoutaka, ikiwa wanaona kheri kwao, na wawape katika mali aliyowapa Yeye. Mtumwa anajilipia thamani yake kwa mafungu, na kwa madhehebu yetu yasipungue mawili, na tangu siku ya kuandikiana bwana hana ruhusa ya kumuuza bila ya ridhaa yake. Jumhuri ya wanavyuoni wamesema amri hii ni ya sunna ikiwa mtumwa ni muaminifu na anaweza kuchuma. Wapo waliosema ni wajibu, kama Ata'. Bukhari ametaja kwamba Sirin alimtaka Anas bin Malik (r.a.) mkataba naye akakataa, hali Sirin alikuwa na mali. Habari ikafika kwa Umar bin al-Khattab (r.a.). Umar akamwamuru Anas aandike, alipokataa akampiga kwa kiboko chake akiisoma aya hiyo, na Anas akaandika. Sirin huyu ndiye baba yake Muhammad bin Sirin, imamu wa Tabiina. Elimu yote aliyoiacha Ibn Sirin ilitoka katika nyumba iliyopata uhuru kwa mkataba.

Kisha katika mafungu manane ya zaka, Sura At-Tawba aya ya 60, limo fungu la kuwakomboa watumwa, nalo kwa Mashafi ni la hawa wenye mikataba. Mombasa na Malindi zilikuwa na matajiri wa pembe, nazi, mtama na ufuta. Zaka ilikuwa ikitoka. Wako mabwana waliowaacha huru watumwa kwa wosia, kwa nadhiri, kwa kafara, kwa kutafuta radhi za Mola, na kizazi chao kimo katika kila mtaa wetu, hatuwezi kuwakana. Vibarua wa mjini waliozoea kumpelekea bwana sehemu ya ujira wao walikuwa hatua moja tu na mkataba kamili. Lakini kuitumia njia hii kwa mpango, fungu la zaka likakusanywa likawangojea watu wa mashamba waje kuandikiwa, hilo halikufanyika. Mlango ulikuwamo katika Mas-hafu na katika Minhaj, na ufunguo ulikuwa mkononi.

Waliokuja kulipa ni kampuni.

Mwaka 1888 Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilishika utawala wa mwambao huu kwa niaba ya Sultani. Upande wa Wajerumani vita vya Abushiri bin Salim vilikuwa vimekwisha kuwaka. Mjumbe wa Kampuni, George Mackenzie, alifika Mombasa mwezi wa Oktoba akawakuta mabwana wamekasirika, wakidai watumwa wao walioko misheni. Hesabu ilipofanywa, watoro waliokuwa wakiishi katika vituo vya wamisionari walipindukia 1,400, na Rabai ndiyo iliyokuwa na wengi kuliko vituo vyote. Mackenzie alihofia moto wa Abushiri usivuke mpaka. Akapatana na mabwana walipwe dola 25 kwa kila mtu, fedha zikachangwa na Kampuni, serikali ya Uingereza na jamaa wa misheni. Tarehe 1 Januari 1889 watu wakapewa hati zao za uhuru.

Hakuna aliyekuwa na haja ya kuamini kwamba Kampuni ilifanya hivyo kwa ucha Mungu. Ilinunua utulivu. Lakini ukiitazama kwa jicho la fiqhi, iliyofanyika ilikuwa itqi kwa badali, bwana kumuacha huru mtumwa kwa malipo ya mtu mwingine, na mabwana walipokea. Wanafunzi wa mirathi watataka kujua: wala' ya watu hawa ni ya nani? Ikiwa mlipaji amesema "muache huru kwa niaba yangu", wala' ni yake, na ikiwa amesema tu "muache huru, nami nitakulipa", inabakia kwa bwana. Mlipaji hapa ni kampuni ya Kikristo, na waachwa huru ni mchanganyiko wa Wakristo, Waislamu na wasiokuwa na dini hizo mbili, na hakuna kurithiana baina ya Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Mabwana waliodai kurithi walijikuta mlango umefungwa kwa hukumu yao wenyewe.

Msomaji asilione hili ni fumbo la darasani. Wala' katika mji wetu ilikuwa ni ukoo. Aliyeachwa huru aliingia katika nyumba ya aliyemwacha. Akifa bila warithi, bwana humrithi. Mwanamke aliyeachwa huru akiwa hana walii wa nasaba, aliyemwacha huru ndiye humuozesha. Kwa wengi ilikuwa ni hifadhi, na kwa wengi pia ilikuwa kamba ndefu badala ya fupi. Hati ya Januari 1889 iliikata kamba na hifadhi pamoja. Ndiyo maana watu wa Rabai walijifanyia ukoo mpya. Mnyasa alimuoa Myao, na watoto wao wakazungumza Kiswahili na Kirabai. Nasaba yao ikawa ni kile kijiji.

Utumwa wenyewe uliendelea pwani. Amri ya Sayyid Ali bin Said ilikuja mwaka 1890, Unguja ikauondoa utumwa kisheria mwaka 1897, na mwambao wa Kenya mwaka 1907.

Kabla ya kuweka kalamu chini, tugusie jambo la upande wa pili wa Mombasa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakati Rebmann akisubiri Rabai, Uislamu ulikuwa ukiingia katika vijiji vya Wadigo kusini mwa mji bila ya jumuiya wala hazina. Walioupeleka walikuwa wafanyabiashara wadogo na walimu wa chuo waliokaa na watu, wakaoa kwao, wakazika nao. Mmijikenda aliyesilimu aliitwa mhaji, na zamani ilimbidi aihame kaya yake aende kukaa na Waswahili. Kule Udigo alianza kubaki kijijini kwake akiwa Muislamu, na leo Udigo ni nchi ya Waislamu. Hivyo bara haikuwa imefungwa kwetu, na Mmijikenda hakuwa mgumu wa moyo. Jomvu ilikuwa na Waislamu karne nyingi kabla ya Krapf, na Rabai ni mwendo wa asubuhi moja kutoka Jomvu.

Katika madaftari ya mikataba ya Mombasa ya miaka ya 1890, na katika masanduku ya baadhi ya nyumba zetu za kale, zimo hati za kuacha huru zilizoandikwa kwa Kiarabu na makadhi, zikitaja jina la bwana, jina la mtumwa, kabila lake, na mara nyingine sababu ya kuachwa huru. Mchwa hawajui tarehe. Tunaziomba familia zenye hati hizo ziwape wanafunzi wetu wazinakili kabla hazijaharibika, na tunawaomba wanafunzi, wakikuta ndani yake mtumwa aliyeandikiwa mkataba, wahesabu mafungu aliyolipa na watazame kama yuko aliyemsaidia kwa fungu la zaka.